Gofu ya Benchi la Kinyozi

Mtu wa kwanza dukani kwetu kutoa maoni juu ya mchezo ule wa gofu wa mkononi alikuwa mlinda lango wa timu moja ya mtaani, na maoni yake yalikuwa mafupi. Aliufinyafinya kwa muda unaomtosha kinyozi kuondoa ndevu za mtu mmoja, akaurudisha kwenye rafu kando ya chupa ya spiriti, akasema, "Mazee, hapa unashindana na nani? Na nyasi?"

Halafu hakungoja zamu yake. Alitoka, akavuka kijia, akaingia kwa jirani.

Kaka yangu mkubwa, ambaye kibanda kilikuwa chake na kichwa kile kilichovuka kijia kilikuwa riziki yake, alipuliza nywele kwenye kitana na kunitazama kupitia kioo. Mimi ndiye niliyeuleta mchezo ule, nikiahidi kwamba utarudisha wateja.

Jirani alikuwa kinyozi pia. Alikuwa kijana, mwenye mashine mbili za umeme, kioo kilichozungushiwa balbu ndogondogo, na, jambo lililotumaliza, televisheni ya rangi pamoja na deki ya video. Kati ya mlango wake na wetu palikuwa na mtaro na nafasi ya watu wawili kupishana, na kijia chenyewe kiliteremka kutoka Olympic kuelekea Sarang'ombe, mitaa ya Kibera. Ukikaa kwenye benchi letu ulisikia filamu za mateke zikiendelea kwake. Kuziona hukuweza, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya kunyolewa kwetu.

Ilikuwa miaka ya tisini, karibu na mwisho wake. Kaka alikuwa amejifunza kazi kwa mzee mmoja aliyekuwa akinyoa chini ya mwavuli, na mzee alipoacha kazi alimwachia mashine yake ya mkono, ile inayobanwa kwa vidole kama makasi na kulia krik, krik. Kaka alinunua ya umeme baadaye, lakini ile ya mkono aliendelea kuipaka mafuta kila Jumatatu, kama mtu anayemtembelea mgonjwa. Vijana waliiita trekta. Hakuna aliyetaka kulimwa nayo.

Baba yetu, aliyekuwa nyumbani magharibi akishughulika na miwa, hakuwahi kuamini kwamba mtu mzima anaweza kuishi kwa kukata kitu ambacho kitamea tena chenyewe. Miwa pia humea tena yenyewe, lakini hakuna kati yetu aliyethubutu kumkumbusha. Mwaka ule kaka alikuwa amemwahidi: biashara isiposimama kufikia Krismasi, atarudi nyumbani kabisa. Alikuwa ameshamwambia hata mwenye ploti kwamba Desemba atarudisha chumba. Aliniambia hayo huku akisugua kitana kwa mswaki wa zamani, kwa sauti ile ile ambayo mtu hukuambia kwamba mvua itanyesha.

Nami nilikuwa nani katika mambo haya? Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, somo la sosiolojia, chuo kikiwa kimefungwa kwa muda usiojulikana baada ya mawe yetu na moshi wa wale waliotujibu. Nilikuwa nikifagia nywele. Wateja waliniita Profesa, na mtaani kwetu siku zile profesa lilikuwa jina la mtu yeyote aliyefukuzwa kutoka mahali pazuri.

Mchezo ulitoka Kawangware. Senge yetu, dada wa baba, aliishi huko, na kila asubuhi alitembea hadi kwenye zile nyumba zenye ua wa michongoma, ambako alikuwa mtunza nyumba. Waajiri wake walipohama nchi walimwachia mapazia, kikaango kisicho na mpini, na kifaa cha mtoto wao cha kuchezea michezo: cha kijivu, kizito kama tofali dogo, chenye skrini ya rangi ya maji ya sukuma wiki. Ndani yake mlikuwa na kaseti moja tu, ya gofu. Zile nzuri mtoto aliondoka nazo.

Senge mwenyewe aliucheza jioni moja kabla ya kutoa hukumu. "Ni kama siku mama mwenye nyumba alipopoteza hereni kwenye zulia," aliniambia. "Unatembea, unainama, unatembea, unainama. Ikipatikana, wala hufurahi. Unashukuru tu kwamba imekwisha."

Wanawe hawakuupenda zaidi. Walikuwa wakigombana kwa sababu mmoja akicheza wengine hawana la kufanya, na shimo moja la gofu linaweza kuchukua muda wa kupika chai. Binamu yangu mkubwa alinikabidhi kifaa akiwa ametoa betri na kuzificha mfukoni, kisha akanipa na betri zenyewe baada ya senge kumkazia macho. "Huu ni mchezo wa mtoto wa pekee," akasema. "Si wa nyumba kama hii." Hiyo ndiyo ilikuwa kauli ya Kawangware. Niliuchukua, nikaufunga kwenye karatasi ya kaki kama parachichi, nikatembea nao mpaka Kibera nikijiona mwokozi wa biashara.

Siku ya kwanza niliwapa watu wa benchi mhadhara. Nisingeweza kujizuia. Uwanja wa gofu wa kweli ulikuwa umbali mdogo kutoka tulipokaa, nyasi zake zikimwagiwa maji hata wakati mifereji yetu ilikuwa mikavu, na mimi nilikuwa nimesoma sura mbili za kitabu kuhusu mambo kama hayo. Nilizungumza juu ya ardhi, tabaka za watu na maana ya mapumziko. Nilipofika mahali pazuri, fundi viatu aliyekuwa na banda lake karibu nasi aliinua kifaa na kukigeuza.

"Sawa, Profesa," akasema. "Kwa hivyo tunafinya wapi?"

Tulifinya. Namna yenyewe ilikuwa hivi: kwenye skrini anasimama mtu mdogo mwenye kofia. Ukifinya mara moja, alama inaanza kukimbia kwenye mstari. Ukifinya tena unaamua nguvu, na ukifinya mara ya tatu unaamua kama mpira utakwenda mbele au utakwenda kuwatafuta jamaa zake msituni. Pembeni kuna kishale cha upepo. Kila pigo linahesabiwa mpaka mpira uingie kwenye shimo lenye bendera, na mwenye mapigo machache ndiye bora. Kuelewa kulikuwa rahisi. Shida ilikuwa kwamba mtu mmoja akicheza, wengine watano walikuwa wakitazama utosi wake.

Mwishoni mwa juma la kwanza kaka alinivuta pembeni. "Umeniletea dawa ya kunyamazisha watu," akasema. "Duka la kinyozi likinyamaza limekufa. Kirudishe kwa senge."

Ningekirudisha Jumamosi ile. Kilichotuokoa ni fundi wa mawe aliyekuwa akifanya kazi za mjengo, mtu mkubwa wa mikono na mpole wa sauti. Alikuwa katikati ya shimo lenye ziwa, mpira wake umetua ukingoni kabisa, wakati kaka alipokung'uta shuka na kuita, "Nani anafuata?"

Sheria ya kiti ilikuwa inajulikana: ukiitwa usipokuja, unaenda mwisho wa benchi. Fundi wa mawe akatazama kiti. Akatazama ziwa. Kisha akampa kifaa fundi viatu aliyekuwa kulia kwake.

"Nishikie," akasema. "Usiharibu kitu."

Akaketi, akafungwa shuka shingoni, mashine ikaanza. Fundi viatu alikishika kifaa kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe. Lakini mtu mdogo mwenye kofia alikuwa akimtazama, na upepo ulikuwa umetulia. Tukasikia *tii*.

"Umepiga?" fundi wa mawe akauliza kutoka kwenye kiti, bila kugeuza kichwa kwa sababu hakuruhusiwa.

"Nimepiga."

"Umenipigia mpira wangu?"

"Mazee, ulikuwa umekaa vibaya pale."

"Umeenda wapi?"

"Umevuka maji."

Mashine ya kaka ikapita nyuma ya sikio, ikarudi. "Basi mpe anayefuata," fundi wa mawe akasema. "Umeshachoka wewe."

Ndivyo gofu ya benchi ilivyozaliwa. Kufikia jioni hakuna aliyekumbuka kwamba iliwahi kuchezwa kwa namna nyingine. Pigo moja, halafu unampa aliye kulia kwako. Aliye mwisho wa benchi anampa aliye mwanzo. Ukiitwa kwenye kiti, unauacha mpira popote ulipo na unakuwa mshauri, unaruhusiwa kusema lakini si kugusa. Ukiharibu, mwenzako ana haki ya kukulaumu kwa sentensi moja, si zaidi. Mpira unapokaribia bendera, kinyozi anazima mashine ili watu wasikie. Hizo sheria hazikuandikwa na hazikupigiwa kura. Zilijitokeza tu kama sheria za foleni ya maji.

Upinzani ulikuja kutoka kwa mtu mmoja aliyeujua mchezo wenyewe. Alikuwa kedi, yaani mbeba mikoba ya wacheza gofu kwenye ule uwanja wa kweli, na alipoona tunavyocheza alisimama mlangoni na kushika kiuno.

"Gofu si hivyo," akasema. "Mpira ni wa mtu mmoja kutoka mwanzo hadi shimoni. Kupiga mpira wa mwenzako ni makosa, unaadhibiwa."

"Huko kwenu mtu ana siku nzima," fundi wa mawe akamjibu. "Sisi tuna foleni."

Kedi akaketi. Akapewa kifaa, akakichunguza, na hasira yake ikapata shabaha mpya. "Na huyu anabeba mkoba wake mwenyewe. Shimo la kwanza mpaka la mwisho hakuna kedi. Huu mchezo umetungwa na mtu bahili." Kisha akampigia mtu mdogo pigo lake la kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kuaibishwa pamoja na benchi zima. Mpira ukaruka vizuri, ukageuka, ukaingia majini.

Tukamtazama.

"Mimi hubeba," akasema. "Nani aliwaambia napiga?"

Maoni yakawa mengi kadiri siku zilivyopita, na kaka akawa anayasikiliza huku akinyoa, kama redio. Fundi wa mawe alihuzunishwa na uwanja: ardhi yote ile, tambarare, maji karibu, na hakuna hata msingi mmoja uliochimbwa. Mchungaji wa kanisa dogo la mabati hapo juu alisema kasoro ya mchezo ni kwamba kosa likishahesabiwa halifutiki. "Kanisani kwangu tuna utaratibu mzuri zaidi," akasema, akaupeleka mpira mchangani, akauliza kama tuna hakika halifutiki. Fundi viatu aliusifu upepo. Ulikuwa upepo wa haki, alisema, unatangaza unakotoka kabla hujatenda lolote, tofauti na ule wa mtaani. Hata mlinda lango alirudi siku moja, akasimama, akatazama mpira ukipita mikononi mwa watu wanne, akaketi mwisho wa benchi. Zamu ilipomfikia alipiga kwa nguvu zote, kama anaondoa mpira langoni, ukatoka nje ya uwanja. Fundi viatu alitumia sentensi yake vizuri: "Hapo umeshindana na nyasi, na nyasi zimekushinda."

Betri zilipolegea tulizianika juu ya bati zipate jua, na zilipolegea tena mtu alizing'ata kidogo. Zilikuwa zikifufuka. Kifaa kilihifadhi majina ya wachezaji bora, na kilipotuuliza jina, baada ya mabishano marefu kuhusu nani aliyepiga pigo gani, tuliandika SISI. Jina la juu lilikuwa la yule mtoto wa Kawangware aliyeondoka nchini. Hatukuwahi kumfikia. Lakini nafasi zote zilizofuata zilikuwa zetu, SISI, SISI, SISI, na bado naweza kuona kedi akizionyesha kwa kidole kwa mgeni aliyeingia kuuliza njia.

Ningependa kusema kwamba hapo biashara ilisimama. Nilikuwa hata nimeanza kutembea kama mtu anayestahili sehemu ya faida. Kaka ndiye aliyenifungua macho, asubuhi moja Novemba ikielekea mwisho.

"Hesabu vichwa kwenye benchi," akaniambia.

Benchi lilikuwa limejaa.

"Sasa angalia nywele."

Niliangalia. Hakukuwa na nywele. Wote walikuwa wamenyolewa juma lile lile, na wawili kati yao nilikuwa nimewaona jana yake wakitoka kwa jirani, shingo zikimeta. Walikuwa wakinyolewa kule kwenye televisheni na kuja kuchezea kwetu.

"Benchi limejaa, kiti kitupu," kaka akasema. "Nimekuwa uwanja wa michezo." Alicheka, lakini siku ile alifua shuka zote mbili, na zilipokauka hakuzirudisha msumarini. Alizikunja akaziweka kwenye katoni.

Kuna jambo moja sina budi kulieleza hapa, maana bila hilo hutamwelewa kaka yangu. Vinyozi wa kijia kile walikuwa na mwiko: kichwa kilichoanzwa na mwingine hakiguswi. Sababu moja ilikuwa ya kibiashara, kuzuia ugomvi wa kunyang'anyana wateja. Nyingine ilikuwa ya zamani zaidi, iliyokuja na watu kutoka makwao: nywele za mtu mmoja haziachwi kwenye sakafu mbili. Vinyozi wengi waliufuata mwiko ule pale tu ilipowafaa. Kaka aliufuata hata ulipomuumiza. Mara kadhaa watu walikuja kutoka kwa jirani wakilalamika kwamba upande mmoja umepanda kuliko mwingine, pesa mkononi, na yeye aliwaambia kwa upole, "Rudi kwa aliyekuanza." Mimi nilikuwa nikisimama na ufagio wangu na kuona wateja wanarudishwa kwa adui kwa adabu. Nilikuwa na neno la Kiingereza kutoka chuoni la kuelezea hali hiyo. Nimelisahau, na sijalihitaji tangu wakati huo.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya Desemba, alasiri. Kwetu kulikuwa na benchi lililojaa na kiti kitupu, kama kawaida. Kwa jirani kulikuwa na mateke. Tulikuwa kwenye shimo gumu, lile lenye miti pande zote mbili, na mlinda lango ndiye aliyekuwa na kifaa, wakati balbu yetu ilipozimika. Mateke yakakatika hewani. Stima ilikuwa imepotea kijia kizima, na siku zile ikipotea hukujua kama itarudi kabla ya chakula au kabla ya Jumatatu. Kukawa kimya kiasi kwamba tulisikia *tii* ya kifaa chetu kama kengele ya kanisa.

"Cheza," fundi viatu akasema. "Hiki hakijui habari za stima."

Ndipo mtu akasimama mlangoni petu akiziba mwanga. Alikuwa na shuka la jirani shingoni. Nusu ya kichwa chake, kulia, ilikuwa imenyolewa vizuri sana. Nusu ya kushoto ilikuwa bado na Novemba yote.

Hakuna aliyecheka. Ninajivunia benchi lile kwa mambo mengi, na hilo ni mojawapo.

"Kinyozi," mtu yule akasema, "nasikia una mashine ya mkono."

"Ninayo."

"Kesho alfajiri naenda kwa wakwe. Wazee wangu wameshasafiri kutoka nyumbani, wako hapa. Tunapeleka mahari."

"Vaa kofia," mlinda lango akashauri kutoka mwisho wa benchi.

Mchungaji alimgeukia. "Kofia, mbele ya mama mkwe? Wewe utaoa lini?"

Kaka alikuwa amesimama nyuma ya kiti kitupu, mikono juu ya egemeo. Nyuma ya mtu yule, ng'ambo ya mtaro, jirani alikuwa mlangoni pake, mashine yake ya umeme ikining'inia mkononi kama samaki aliyekufa. Hakuwa anatazama kichwa. Alikuwa anamtazama kaka.

"Ndugu yangu," kaka akasema, na nilijua neno litakalofuata kabla halijatoka, "kichwa hicho kimeanzwa na mwingine."

Mtu yule alishika upande wa kushoto wa kichwa chake kana kwamba unauma. Nilikuwa na elimu yote niliyolipiwa na jasho la watu, na nilichofanya ni kushika ufagio wangu. Aliyesema alikuwa fundi wa mawe, kwa sauti yake ile ndogo.

"Kinyozi. Huu mpira tulio nao hapa, nani aliuanza?"

Kaka akatazama benchi. Benchi likatazamana.

"Nadhani ni yule muuza mkaa," kedi akasema. "Ameshaenda zake, alikuwa anawahi unga."

"Na nani ataumaliza?"

"Atakayefikiwa."

"Basi," fundi wa mawe akasema. "Sisi hapa tangu lini tumewahi kumwacha mtu njiani?"

Alikuwa ametumia sentensi yake, na mbili za ziada. Namjua kaka yangu: hakuwa akitafuta namna ya kuvunja mwiko, alikuwa akitafuta namna ya kuutii. Baada ya muda alitoka hadi mlangoni, akamweka mtu yule kando kwa mkono wa upole, akaongea na jirani kupitia juu ya mtaro.

"Jirani. Kichwa hiki ni chako."

"Ni changu," jirani akasema. "Lakini stima si yangu."

"Nikikimalizia?"

Jirani alikuwa kijana kuliko nilivyokuwa nimemwona wakati wote wa kumchukia. "Maliza tu, buda. Mimi hiyo ya mkono sikufunzwa."

"Na nywele?"

Jirani hakuelewa. Kaka akageuka kwangu. "Profesa, chukua kizoleo. Zikianguka unazizoa zote, unazipeleka kwake, zikae na zenzake. Sakafu moja."

Kwa hiyo kazi yangu kubwa katika mwaka ule ambao chuo kilifungwa ilikuwa kupiga magoti kando ya kiti na kukinga nywele za bwana harusi. Kaka alisogeza kiti mlangoni penye mwanga, akaitoa ile mashine ya mzee aliyemfunza, akaipuliza, akaanza. Krik, krik. Hakuna aliyeiita trekta. Vidole vyake vilikuwa havijafanya kazi ile mbele ya watu kwa miaka, lakini zile Jumatatu zote za mafuta zilikuwa zimeiweka tayari, na ilikula nywele bila kuvuta. Benchi liliendelea kucheza kwa adabu, likipunguza sauti. Kila mpira ulipokaribia bendera kaka aliacha kubana, kama sheria ilivyotaka, na mtu wa kiti aliuliza, "Umeingia?" Alikuwa ameshakuwa mmoja wetu bila kugusa kifaa.

Nilizoa nywele, nikavuka mtaro na kizoleo kimejaa, nikamwaga kwenye sakafu ya jirani kando ya zile za kulia. Nilifanya safari ile mara kadhaa, watu wa kijia wakisimama kunitazama. Sijawahi kubeba kitu kwa uangalifu kama ule, hata shahada yangu.

Kaka alipomaliza alifuta shingo, akapaka spiriti, akaondoa shuka. Jirani alikuwa ameshavuka na kusimama ndani kwetu, mara ya kwanza kabisa. Alizunguka kichwa kile. Akakiinamia. Akapitisha kiganja kutoka kulia kwenda kushoto, kisha kutoka kushoto kwenda kulia, macho yamefumbwa.

"Mpaka uko wapi?" akauliza.

"Hata mimi siuoni tena," kaka akasema.

Bwana harusi alijitazama kiooni, akawashukuru vinyozi wote wawili, akaenda kwa wazee wake. Jirani hakuondoka. Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mikono. Mlinda lango akasogea kidogo, benchi zima likasogea, pakapatikana nafasi, na kifaa kikamfikia kabla hajaketi sawasawa.

"Nafanya nini?" akauliza.

"Unapiga moja," fundi viatu akamwambia, "halafu unampa wa kulia. Usijali, hata huyu kedi huharibu."

Stima iliendelea kupotea Desemba yote ile, na safari za kwa wakwe, kama ijulikanavyo, hujaa kabla ya Krismasi. Watu walianza kuja moja kwa moja, nywele zao zote zikiwa kichwani, wakimuulizia kinyozi anayemaliza. Waliingojea ile ya mkono hata stima ilipokuwepo. Jirani naye alikuja nyakati za giza kufunzwa kuibana, na aliyekosa nafasi kwa mmoja alitumwa kwa mwingine bila maneno. Kaka alizitoa shuka kwenye katoni. Siku moja alivaa shati jeupe akaenda kumwona mwenye ploti, akarudi, akalitundika shati msumarini na kuita, "Nani anafuata?" Chumba kilibaki chake.

Krismasi alikwenda nyumbani akiwa na mkoba mdogo, mkoba wa mtu atakayerudi Nairobi. Baba aliutazama ukubwa wa mkoba kabla ya kumtazama mwanawe. Kisha akatoa kiti nje, akakiweka uani, akaketi, akavua kofia. Kaka alimnyoa kwa ile mashine ya mkono, mimi nikishika shuka. Katikati ya kazi baba akauliza, "Bado zinamea huko Nairobi?"

"Zinamea, baba."

"Haya," baba akasema, akainamisha kichwa zaidi ili kisogo kifikiwe.

Chuo kilifunguliwa mwaka mpya. Siku yangu ya mwisho dukani benchi liliamua kwamba Profesa apewe pigo la heshima: mpira ulikuwa karibu na bendera, njia nyeupe, upepo hakuna, na ukiingia SISI ingemfikia yule mtoto. Kaka alizima mashine. Jirani alisimama mlangoni. Nilifikiria nguvu, nilifikiria pembe, nilifikiria pia, Mungu anisamehe, namna ya kulisimulia jambo hili baadaye. Nikafinya nikiwa nimechelewa. Mpira ulipita bendera, ukateremka taratibu kama mtu asiye na haraka, ukaingia ziwani.

Mchungaji alikuwa na haki ya sentensi moja. Aliniangalia kwa huruma, akaamua kuihifadhi.

Nikampa kifaa aliyekuwa kulia kwangu.